Tupeane uzoefu: Siku ya kufunga shule, ripoti uliifikishaje nyumbani?

Wakuu, habari za jioni. Ijumaa hii binti yangu wa darasa la tatu anafunga shule. Jana usiku nikiwa namsuka, mvua inanyesha, akaniuliza: "Mama, hivi ripoti ikilowa, mwalimu anaandika nyingine?" Nikamwambia sijui. Akanyamaza kidogo, akauliza tena: "Na isipoandikwa nyingine?" Hapo nikajua mtoto amebeba jambo moyoni.

Sijalala vizuri, kwa sababu nimeikumbuka ya kwangu. Ilikuwa Desemba 1994, kijijini, mkoa wa Tabora, nami nilikuwa darasa la tatu kama yeye. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe. Ilipogongwa tukapanga mstari, mwalimu mkuu akasimama barazani na daftari lake, akaanza kusoma majina kuanzia wa kwanza. Watatu bora walipewa kaunta buku, kalamu na kipande cha sabuni ya mche. Sisi wengine tulisomwa tukiwa juani. Mimi nilikuwa wa 61 kati ya 84.

Nililelewa na babu, mkulima wa tumbaku, hajui kusoma. Njia nzima nilikuwa napanga nimdanganye, maana angejuaje? Nimefika, amekaa kwenye kigoda anachambua majani. Akafuta mikono, akaipokea ile karatasi kwa mikono miwili, akaniuliza: "Jina lako liko wapi?" Nikamwonyesha. Akaliwekea kidole. "Haya, soma kuanzia hapa mpaka mwisho."

Nikashindwa kudanganya, wakuu. Nikasoma yote, hisabati 18, mpaka maoni ya mwalimu: "Ana uwezo, aongeze bidii." Babu akafikiri, kisha akauliza swali ambalo sijawahi kuulizwa na mtu mwingine yeyote: "Hiyo bidii wanaiongezaje?" Nikamwambia labda kusoma usiku. Karatasi akaitia kwenye sanduku lake la bati, pamoja na risiti za tumbaku za chama cha msingi. Tangu siku hiyo kila jioni aliniwashia koroboi na kukaa pembeni yangu hadi nimalize, hata siku ambazo mafuta ya taa yalikuwa ya kutafuta. Muhula uliofuata nilikuwa wa 38. Kumi bora sikuwahi kuingia mpaka namaliza la saba.

Naomba na nyie mnieleze. Nyumbani mlifika vipi, na mliyemkabidhi alisema nini? Nataka nijue niseme nini Ijumaa.

Mdau wa Mbeya
Mimi niliichomeka kwenye nyasi za paa la banda la mbuzi, nikasema bado hatujapewa. Miaka miwili baadaye baba akawa anaezeka upya, ikamdondokea miguuni. Alisoma, akaniita, akanikabidhi. Hakusema neno. Ningependa angesema.

Mwalimu wa madarasa ya chini, Morogoro
Dada, asante kwa uzi huu. Mimi nafundisha mwaka wa 27 sasa, la kwanza na la pili, na ningependa wazazi wajue karatasi hiyo inatoka wapi.

Darasa langu mwaka huu lina watoto 112. Nasahihisha, najumlisha alama za kila somo, natafuta wastani, napanga nafasi, kisha najaza ripoti moja moja kwa mkono kabla hazijaenda kwa mwalimu wa taaluma na kupigwa muhuri wa mkuu. Nikifika ya themanini, usiku wa manane, mkono unaandika "aongeze bidii" wenyewe. Nalisema hili bila kujitetea. Yule babu alikuwa na haki ya kuuliza inaongezwaje, kwa sababu sisi walimu ndio tulipaswa kuandika. Siku hizi najilazimisha kuandika kitu kimoja ambacho mzazi anaweza kukifanya: "Anachanganya b na d, asomeshwe kwa sauti." "Hasikii vizuri akikaa nyuma, apelekwe akapimwe masikio." Wa pili huyo alipelekwa kweli, akakutwa na tatizo.

Na habari ya kusoma majina mstarini. Nilifanya hivyo miaka mingi, nami nilisomwa hivyo hivyo. Kilichonitoa huko ni mtoto mmoja wa kiume, mdogo wa umbo, kaptura imefungwa kwa kamba ya katani. Siku ya kufunga, kabla sijafungua hata daftari, alitoka katikati ya mstari akaenda kusimama mwisho kabisa. Wenzake hawakucheka, hata hawakushangaa. Alikuwa amepazoea. Miaka saba ndiyo aliyokuwa nayo.

Sasa natangaza watatu wa kwanza, halafu natangaza wengine: aliyewahi namba muhula mzima, aliyekuwa anamshika mkono mwenzake asiyeona vizuri kwenda chooni, aliyeweka bustani yetu ya mchicha hai wakati wa kiangazi. Zawadi ni penseli tu, nanunua mwenyewe. Ripoti nampa kila mzazi mkononi, mmoja mmoja. Asiyekuja, ripoti naifunga kwenye bahasha nampa mtoto.

Dada, kwa Ijumaa: usiulize nafasi kwanza.

Baba wa wawili, Nakuru
Hamjambo ndugu zetu. Huku kwetu mambo yamebadilika kabisa. Mimi nilifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka wa 2003, jumla ya alama ilikuwa 500, na hata leo ukiniamsha usiku nitakutajia zangu: 287. Nilizibeba kama jina la ukoo. Mtihani wenyewe ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, na kwa huu mtaala wa umilisi ripoti ya mtoto inasema anazidisha matarajio, anafikisha, anakaribia, ama yuko mbali na matarajio. Nambari hakuna.

Muhula uliopita kijana wangu wa Gredi ya 4 alifunga shule, tukaenda kwa nyanya yake. Akamsomea ripoti yote: Kiswahili anafikisha, hisabati anakaribia, sanaa anazidisha. Mama yangu akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Vizuri mjukuu wangu. Sasa, ulikuwa nambari ngapi?" Mtoto akamweleza kwamba hawapangwi tena. Mama akakaa, kisha akamwambia alete hiyo sanaa aliyozidisha aione. Akaleta kikapu alichosuka kwa makaratasi ya unga. Kiko jikoni kwake hadi wa leo, anatilia vitunguu.

Mimi hiyo sikubahatika. Na naona vyema mwanangu amebahatika.

Wa Pemba
Sisi skuli ikifungwa tunaingia kwenye karafuu. Mwaka mmoja nimerudi na ripoti yangu, mama yupo uwanjani anaanika, kanambia niiweke hapo hapo nimsaidie kuchambua kabla jua halijashuka. Nikaiweka juu ya jamvi. Tumechambua mpaka magharibi, na tulipozoa karafuu tukaizoa nayo. Ilikutwa ndani ya gunia siku ya kupeleka kituoni kuuza, imeingia madoa ya kahawia, ile nafasi haisomeki tena. Mama kasikitika hasa. Mie nilikuwa wa pili mwaka ule, na hajaamini mpaka alipokwenda mwenyewe kwa mwalimu kuuliza. Karudi na halua.

Mdau wa Singida
Mimi sikuwa na cha kuficha, maana sikupewa. Hiyo ni kabla ya 2016, kabla michango ile haijafutwa. Aliyekuwa anadaiwa mchango, ripoti yake ilibaki ofisini. Siku ya kufunga wenzangu wanakimbia na karatasi, mimi na wengine kama kumi na tano tumebaki chini ya mti tukiangalia mlango wa ofisi, kama vile utafunguka.

Kaka yangu alikuwa darasa la sita. Na yeye ya kwake hakupewa. Jumamosi akakamata jogoo wake, ambaye alimnunua kwa pesa ya kuchunga, akampeleka mnadani. Pesa ilitosha mtu mmoja. Jumatatu akaenda shule, akarudi na ripoti yangu. Ya kwake hakuichukua. Aliniambia, "Mimi yangu naijua." Mwaka uliofuata hakurudi shule.

Mimi leo ni fundi sanifu wa maji, na kaka yangu ana mifugo, tunaheshimiana sana. Lakini lile jogoo, jekundu lenye mkia mweusi, naliona mpaka kesho.

Mwanzisha uzi
Ndugu wa Singida, pole sana. Nimekusomea kwa sauti hapa nyumbani, baba watoto akatoka nje.

Nawarudia na majibu. Leo Ijumaa amefika saa nane. Mvua ilikuwa imenyesha, yeye kalowa chapachapa, lakini ripoti aliifunga ndani ya mfuko wa mkate, akaufunga fundo mbili. Sikuuliza nafasi. Nilifuta mikono, nikaipokea, nikamwambia anionyeshe jina lake liko wapi, kisha asome.

Akasoma akitetemeka. Kiswahili 78. Sayansi 66. Hisabati 31, hapo sauti ikakata, nikasubiri. Maoni ya mwalimu: "Hajui jedwali la kuzidisha kuanzia 6."

Kuanzia 6! Mpaka 5 anajua. Tumeanza baada ya chakula cha jioni, kwa kuhesabu maharage kwenye ungo, mafungu ya sita sita. Nilipomsimulia habari za babu na lile sanduku la bati, akaacha maharage akauliza ripoti yangu iko wapi sasa. Sanduku alirithi shangazi. Kesho asubuhi tunampigia simu Tabora atutazamie.