Dabo besi ya kupigia shoo: plaiwudi, mbao halisi au ya umeme? Na pikapu gani?

BesiYaKariakoo (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za humu. Miaka kumi na moja nimekula kwa gitaa la besi na maisha yalikuwa yanakwenda. Sasa trio yetu ya hotelini hapa Dar (piano, ngoma na mimi) imepewa siku tatu kwa wiki, na meneja anataka "ile besi kubwa ya kusimama". Wakati huohuo kuna kundi la taarab asilia Unguja ambalo mpiga besi wao mgongo umemgomea, wameniomba niwe navuka kila Jumamosi.

Nimejifunzia besi ya kuazima miezi minane, vidole vimeshaota sugu. Nataka yangu. Nina dola 2,600, na humo itoke besi, pikapu (kile kifaa cha kunasa sauti ya nyuzi) na kuisafirisha. Kuna tatu ninazozinyemelea.

Moja ni ya plaiwudi, ya Kijerumani, ya mwalimu wa muziki anayehama. Anataka 1,500. Ubavuni gundi imeachia sehemu mbili. Nyingine ni mpya kutoka China, mbele ubao halisi wa mti wa spruce, mgongo na mbavu plaiwudi, 1,900 kabla ya meli. Ya tatu ni ya umeme, NS Design iliyotumika, haina tumbo, ni kama mpini wa jembe wenye nyuzi. Hiyo 1,400, na inaingia kwenye boti kama mkeka uliokunjwa.

Pikapu nazosikia ni K&K Bass Max, Fishman Full Circle, Realist, au maiki ya kubana. Aliyepita njia hii anisaidie.

NyuziNne_Nrb

Boss, chukua plai na usiangalie nyuma. Mimi nilikuwa na kichwa kigumu, nikanunua ya mbao halisi mbele na nyuma. Nyumbani ilisikika kama kanisa. Nikaipeleka kazini, mpiga ngoma akaanza, na ule utamu wote ukabaki masikioni mwangu peke yangu. Halafu kiangazi cha Nairobi kikaingia, hewa kavu, ubao wa mbele ukapasuka kutoka tundu la sauti hadi chini. Kuirekebisha nilikula pesa ya shoo za miezi mitatu.

Plai haipasuki kirahisi namna hiyo, na kwa sababu ubao wake ni mzito kidogo kutikisika, haikimbilii kunguruma (sauti ya spika kuirudia besi na kuitikisa) ukiongeza volyumu. Studio kwenye ukimya, ndiyo, mbao halisi inashinda na haina mjadala. Lakini wewe unapigia watu wanaokula samaki.

Pikapu: Full Circle. Inakaa ndani ya gurudumu la kurekebishia urefu wa daraja (kile kibao kinachobeba nyuzi), kwa hiyo lazima daraja lako liwe na magurudumu hayo. K&K ni nafuu zaidi na unaichomeka tu kwenye mwanya wa bawa la daraja bila kukata kitu, ila kwangu ilikuwa na sauti ya pua.

FundiMitambo_Mbezi

Hiyo sauti ya pua, NyuziNne, nina wasiwasi K&K inasingiziwa. Uliichomeka wapi?

NyuziNne_Nrb

Moja kwa moja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ya ukumbi.

FundiMitambo_Mbezi

Nilijua. Nimekaa nyuma ya mikisa miaka mingi, na wapiga besi wa kusimama wote wanakuja na kilio hichohicho: "Sauti yangu imekuwa nyembamba kama banjo." Wanabadilisha pikapu tatu kabla hawajauliza waya unaingia wapi.

Nieleze, maana hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Pikapu za piezo (K&K, Full Circle, Realist, zote ni ukoo mmoja) kiumeme ni kama kapasita ndogo. Ukiiunganisha na kifaa chenye upinzani mdogo mlangoni, zinageuka kuwa kichujio kinachokata sauti za chini. Tundu la laini la mikisa ya kawaida lina kiloohmu 10 hivi. Piezo inataka megaohmu 1, yaani kiloohmu 1,000, au zaidi, wengine wanakwenda hadi 10. Waya wako wa E ukipigwa bila kubanwa unatetemeka Hz 41 (mara 41 kwa sekunde) tu, A ni 55. Hizo ndizo zinazokatwa kwanza. Inabaki ile "tak-tak" ya kidole.

Dawa ni priampu (kikuza sauti kidogo cha awali) yenye mlango wa megaohmu, iwe karibu na besi. Fishman wanazo, LR Baggs wanazo, Radial wana PZ-DI iliyotengenezwa kwa kazi hii. Hakikisha ina vitu viwili. Cha kwanza, kichujio cha kukata chini kabisa, unakiweka Hz 35 mpaka 40, spika isihangaike na mtikisiko usiosikika. Cha pili, kitufe cha kugeuza fezi (mwelekeo wa wimbi la sauti). Besi ikianza kunguruma, kabla hujagusa kitu kingine bonyeza hicho. Mara nyingi inanyamaza hapohapo, kwa sababu mawimbi ya spika yalikuwa yanausukuma ubao upande uleule ambao nyuzi zinausukuma.

Kwa hiyo swali la kwanza kwako, BesiYaKariakoo: katika hizo 2,600 umeweka priampu?

BesiYaKariakoo

Sikuweka, mkuu. Nilidhani pikapu inatosha.

SeremalaKibokoni

Assalaam aleikum. Mimi si mwanamuziki, ni fundi wa mbao Mombasa, ila fidla na udi nyingi za hapa zimepita mikononi mwangu, na besi tatu.

Kijana, hiyo besi ya plaiwudi iliyoachia ubavuni isikutishe. Vyombo hivi vinagundishwa kwa gundi ya ngozi makusudi, ili mbao zikivimba au kusinyaa, kiungo kiachie kabla ubao haujapasuka. Ni kama fyuzi. Kiungo kilichoachia kinafungwa upya kwa siku moja. Ninachokuomba, usimpe seremala wa vitanda. Atakuja na gundi nyeupe au epoksi, na siku nyingine kikitaka kuachia hakitaachia, kitang'oka na mbao yake. Ukienda kuikagua, pita pembeni yote ukigonga kwa kifundo cha kidole. Palipoachia panalia kama debe. Kisha tazama shingo inapoingia kwenye mwili. Pakiwa na ufa pale, mwachie mwalimu besi yake.

Jingine ni unyevu. Pwani masika yakiingia ubao wa mbele unavimba, daraja linapanda, na nyuzi zinakuwa juu mpaka vidole vinatoka damu. Kiangazi zinashuka zinaanza kugonga ubao wa vidole. Hayo magurudumu ya daraja aliyotaja bwana wa Nairobi yatiwe hata kama hutaki pikapu yake. Adui mkubwa kuliko yote ni kiyoyozi cha hoteli. Besi inatoka kwenye joto la nje inaingia chumba kikavu na baridi, dakika kumi baadaye inaanza kulia "tik, tik". Iache ndani ya begi lake nusu saa izoee kwanza.

FidlaYaMkunazini

Sheikh wa Kariakoo, karibu Unguja, lakini ukishuka bandarini na huo mpini wa jembe, wazee watakucheka mpaka urudi na boti ileile.

Nasema kwa wema. Taarab ya hapa, mambo ya ganuni, udi, nai, fidla na akordion, ilijengwa kwa mfano wa okestra za Misri, na dabo besi ndiyo inayokaa chini ya yote kama msingi wa nyumba. Watu wanataka kuisikia na kuiona. Taarab ya kisasa ilipokuja na kinanda na gitaa la besi, miaka ya 1990, dabo besi nyingi zilisukumwa pembeni, kwa hiyo kundi linalotaka bado ile kubwa linataka kwa sababu. Usiwapelekee nusu.

Na pikapu mimi sikubaliani na Full Circle. Ni kali mno juu, kila kidole kinasikika kikigusa waya. Natumia Realist, inakaa chini ya mguu wa daraja, sauti yake ni nzito na ya giza kidogo, inajificha vizuri chini ya fidla. Ukichukua upinde haikwaruzi masikio.

Tena msisahau, kwenye kidumbak besi yetu ni sanduku la chai, fimbo moja na waya mmoja, na harusi nzima inacheza mpaka alfajiri. Sijawahi kuona sanduku likiulizwa megaohmu.

FundiMitambo_Mbezi

Dada yangu, sanduku halipigwi mbele ya spika za inchi 18. Likipigwa, nitaliuliza.

NyuziNne_Nrb

Hiyo giza ya Realist ndiyo inayoniua mimi. Kwenye jazi nikipiga noti za mfululizo, hatua kwa hatua na ngoma, zinakuwa uji. Kwa taarab naweza kukubali.

PwaniMpakaAarhus

Niko Denmark, napigia bendi mbili, moja ya salsa. Naona ya umeme imepigwa teke mapema mno.

Shida ya kuisikizisha dabo besi ni ya zamani kuliko sisi wote. Everett Hull, mpiga besi Mmarekani, miaka ya 1940 aliweka maiki ndani ya besi kupitia ule mguu wa chini, akaiita "amplified peg", na jina la Ampeg limetoka hapo. Leo Fender alitoa gitaa la besi mwaka 1951. Baadaye Ampeg wakatoa Baby Bass, ya umeme, mwili mdogo wa plastiki, na wapiga salsa wa New York wakaikumbatia mpaka leo. Si kwa sababu ilisikika sawasawa na dabo besi. Ilikuwa na mlio wake mfupi, mzito, unaokata katikati ya tarumbeta na konga. Nayo NS ukiisikiliza kama chombo kingine, siyo besi iliyokatwa tumbo, ni nzuri. Haingurumi hata ukiiweka mbele ya spika, na haijui masika wala kiyoyozi. Anayesafiri kwa ndege kila wiki, ningemwambia achukue hiyo na alale usingizi.

Lakini kwa maelezo ya mwanzisha mada, safari yake ni boti na Bajaji. FidlaYaMkunazini yuko sahihi kwa hilo kundi.

Kuhusu maiki: DPA 4099 ya hapahapa Denmark ndiyo sauti ya kweli zaidi niliyowahi kupata jukwaani. Inahitaji volti 48 kutoka kwenye mikisa, na jukwaa liwe tulivu. Ngoma zikiwa mita moja kutoka kwako, maiki inasikia ngoma kuliko besi. Mimi naichanganya: chini natumia pikapu, juu naongeza maiki kidogo kama chumvi. Kwa bajeti yako iweke kando kwa sasa.

Nyuzi je? Hakuna aliyezitaja. Kwa kudonoa kwa vidole, Spirocore za Thomastik, chuma, zina mlio mzito mzuri na zinadumu miaka. Kwa upinde ni ngumu, zinateleza. Besi ya zamani ikiwa nazo tayari, umeokoa pesa nyingi.

BesiYaKariakoo

Asanteni sana. Narudi.

BesiYaKariakoo (wiki saba baadaye)

Wakuu, nimerudi na majibu.

Nilichukua ya plaiwudi. Niligonga pembeni kama alivyosema fundi wa Kibokoni, nikakuta pameachia sehemu tatu, siyo mbili. Nilipomwonyesha mwalimu kwa kifundo cha kidole, alishuka mpaka 1,350. Shingo nzima. Nyuzi zilikuwa Spirocore, chafu lakini hai. Gundi ya ngozi, magurudumu ya daraja na kuliweka sawa vimekula 180. Nikachukua Full Circle kwa sababu siku tatu ni za hoteli na moja tu ya taarab, dada wa Mkunazini anisamehe, na priampu yenye kichujio na kitufe cha fezi. Zimebaki kama dola 400 za begi zito na gurudumu la kuchomeka chini.

Shoo ya kwanza hotelini nilikosea. Niliiweka amplifaya nyuma yangu, ikitazama mgongo wa besi, na wimbo wa pili A ikaanza kunguruma yenyewe kama lori linalopanda mlima. Nilibonyeza fezi, ikanyamaza nusu. Nikasogeza amplifaya pembeni mbele kidogo, nikaziba matundu ya sauti kwa sponji ya godoro, ikatulia kabisa.

Unguja nimekwenda Jumamosi mbili. Kwenye taarab nimepunguza sauti za juu kwenye priampu karibu zote, na mzee wa ganuni alisema "sasa inakaa". Nafikiri hilo ndilo giza la Realist mlilokuwa mnaligombania.

Kilichobaki kunishinda ni gurudumu. Sakafu ya hoteli sawa, lakini vichochoro vya Mji Mkongwe vinairusha besi kama mtoto kwenye bembea.

FidlaYaMkunazini

Gurudumu liache bandarini. Chukua mkokoteni, besi ilale ubavu, mwenyewe utembee nyuma umeishika shingo. Mwambie mwenye mkokoteni bei kabla hajaiona. Akishaiona, inakuwa bei ya jokofu.

SeremalaKibokoni

Na hiyo sponji ya godoro uitoe ukimaliza kupiga. Ikilala humo inanyonya unyevu.