Mwalimu wa tuisheni Lamu anamkata alama mtoto aliyepata, na ada anadai

Wazazi wa Langoni na Mkomani wenye watoto sekondari, nisomeni. Nimenyamaza vya kutosha.

Binti yangu kaja na karatasi imejaa wino mwekundu. Swali: rahisisha 2/(x − 1) − 3/(x + 2). Asili, yaani sehemu za chini, hazifanani, kwa hiyo unatafuta asili moja ya pamoja, (x − 1)(x + 2). Juu inakuwa 2(x + 2) − 3(x − 1). Mtego uko hapo: ile alama ya kutoa inaingia kwenye mabano yote, na −3 mara −1 ni +3. Fungua, jumlisha, juu inabaki 7 − x. Mtoto kaandika hivyo hivyo. Kapewa sifuri!

Mwalimu yeye kaandika −3x − 3. Juu akapata 1 − x, akaikata na (x − 1) ya chini, jibu lake likawa −1/(x + 2). Fupi, linapendeza, na uongo mtupu. Nadhani huko kukatika vizuri ndiko kulikomponza, akaona hakuna haja ya kuhakiki.

Kuhakiki kwenyewe hakuchukui dakika. Weka x = 2. Swali linakuwa 2 kutoa robo tatu, yaani 5/4. Jibu la binti linatoa 5/4. La mwalimu linatoa −1/4. Una mbili, umetoa robo tatu, unadaiwa? Hata kijana anayeuza mabuyu pale Mkunguni hakurudishii chenji ya namna hiyo.

Nikamwendea baada ya Alasiri, kwa adabu zote. Ananiambia, "Mama, jibu limo kwenye mwongozo." Mwongozo kauandika yeye, kwa mkono wake! Nikamwomba aweke 2 mahali pa x mbele yangu, akasema ana kipindi.

Wallahi kinachonichoma zaidi ni wale waliokosea kama yeye wakapewa tiki. Wanaamini wanajua. Kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nani atawaonea huruma?

Nataka akusanye karatasi zote asahihishe upya, mbele ya watoto. Mpaka hapo ada yangu haioni. Mwenye mtoto kundi la Jumamosi, fungua daftari sasa hivi, tazama swali hilo. Ukikuta tiki kwenye −1/(x + 2), piga picha uiweke hapa.