Mrejesho: faini mbili za mwendokasi nilizozipinga

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza namna ya kupinga faini mbili za mwendokasi, moja ya rada na nyingine ya tochi ya leza. Nilifuata ushauri wa kuomba picha na vyeti vya upimaji wa vifaa kabla ya kulipa chochote. Vyeti vilikuwa bado hai, hivyo hoja hiyo haikufika mbali. Lakini picha ya rada ilionyesha lori likinipita, na kwa kuwa mawimbi ya rada hutawanyika kadiri yanavyokwenda mbali, na huenda yakarudishwa na gari kubwa lililo jirani badala ya lile linalotuhumiwa, faini hiyo ilifutwa. Ya leza nimeilipa. Mwali wake ni mwembamba, na alama ya shabaha ilitua juu kabisa ya kibao changu cha namba. Hoja ya pembe, yaani kwamba kifaa kilinipima kwa mshazari na si moja kwa moja kutoka mbele, niliyoitegemea sana, ilikataliwa kwa haki: kwa sababu ya pembe hiyo, kifaa kilichosimama kando ya barabara husoma mwendo pungufu kidogo kuliko halisi, jambo linalomfaa dereva. Picha, kwa taarifa yenu, niliipata baada ya kuandika barua. Maombi ya mdomo hayakujibiwa.