Umenunua gari ya mtu: oili unamwaga siku ya kwanza ama unaendesha tu?

Mwanzisha mada, Nakuru

Wadau habari zenu. Kuna hii kitu imetukosanisha hapa kwetu tangu binamu yangu anunue Toyota Fielder ya 2014 kutoka kwa mtu Kisumu, nikaona niilete hapa mtuamulie ama tuzidi kukosana wote pamoja. Mwenye kuuza alimwambia oili ni mpya ameweka juzi tu, hata kibandiko si hicho hapo kwa mlango kimeandikwa kilomita. Binamu akasema basi hakuna haja ya kutupa pesa, nitaendesha mpaka hiyo kilomita ifike. Fundi akasema mwaga leo. Mjomba wetu ambaye ameendesha lori miaka na mikaka akasema nyinyi vijana mnapenda kumwaga vitu vizuri, gari inanguruma sawa mnatafuta nini ndani.

Mimi nasema mwaga, na filta itoke pia. Na sababu yangu haina uhusiano na uchafu. Oili ya mtu mwingine hujui ni gani. Hujui ni 0W-20 ile nyepesi ama 20W-50 ile nzito, hujui ilitoka kwa mkebe uliofungwa ama ni ile ya kupima kwa pipa, hujui kama filta iliguswa ama ilipanguswa tu na kitambaa ing'ae. Watu wanabishana ati imekuwa nyeusi, haijakuwa nyeusi, na rangi yenyewe haisemi mengi. Kazi ya oili ni kushika masizi iyabebe, kwa hivyo inaweza kuwa nyeusi na bado inafanya kazi, ya dizeli ndio usiseme, safari chache tu imeshageuka. Halafu ile ya rangi ya asali nayo isikufurahishe sana, maana kila mtu anayeuza gari anajua kitu ya kwanza utavuta ni dipstiki, kile kijiti cha kupima oili.

Na hapo ndio kuna ujanja wenyewe. Injini inakunywa oili ama inagonga kidogo asubuhi, unaiwekea oili nzito na ile dawa ya kuzuia moshi, inanyamaza. Imenyamaza tu, haijapona. Sasa wewe ukiibeba hiyo oili "mpya" yake mpaka kilomita 5,000 utakuja kujua ukweli wakati jamaa hata simu yako hashiki.

Ndio maana nasema kabla hujalipa ikague kwanza hiyo oili yake. Nenda asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, na ukipata imeshawashwa "ili ipate joto" jiulize kwa nini. Vuta dipstiki, nusa kama ina harufu ya petroli, sugua tone kwa vidole usikie kama kuna mchanga. Fungua kifuniko cha oili mulika ndani na tochi ya simu. Ukikuta imekuwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, pengine gasketi ya hedi imeenda, funga boneti sema asante uende. Ila usikimbie kwa utando mdogo mweupe chini ya kifuniko pekee, huku kwetu Molo na Timboroa gari ya safari fupi asubuhi ya baridi inafanya hivyo kwa sababu ya mvuke. Ukishalipa logbuku ikahama, sasa mwaga.

Haya, semeni.

Mwalimu, Kakamega

Hiyo yote ni biashara ya mafundi ndugu yangu. Mimi Vitz yangu nilinunua kwa mwalimu mwenzangu, alikuwa na risiti zote kwa faili, sevisi kwa sevisi, nikaendesha mpaka kilomita zake zikafika na niko hapa mzima na Vitz nzima. Kumwaga oili ya wiki moja ni uharibifu. Toyota wenyewe kule Japani kwa injini ya petroli ya kawaida wanasema kilomita 15,000 ama mwaka mmoja. Sisi huku tumeshateremsha mpaka 5,000, sasa mnataka tuteremshe mpaka sufuri. Na hiyo oili mnamwaga inaenda wapi? Nyuma ya gereji. Mvua ikinyesha inaenda wapi? Hakuna mtu anataka kujibu hiyo.

Mwanzisha mada, Nakuru

Mwalimu heshima yako, lakini hiyo 15,000 umesoma mstari mmoja ukafunga kitabu. Wao hao Toyota wanasema ukitumia gari kwa hali ngumu gawa mara mbili, iwe 7,500 ama miezi sita, na hali ngumu wameieleza: barabara ya vumbi, milima mingi, safari fupifupi. Si hapo umesikia Kakamega ikitajwa? Unatoka nyumbani unaenda shule injini haijashika joto hata unazima. Na petroli yenye tabo wameweka 5,000 ama miezi sita, kwa hivyo wenye gari za tabo wasijifiche nyuma ya 15,000 yako.

Yako ya risiti na mwenye gari unamjua, sina neno. Hiyo hata mimi ningengoja. Lakini ni wangapi wananunua kwa mtu mwenye faili?

Broka wa magari, Kisumu

Omera wacha niwaambie ukweli na msinichukie. Mimi nauza gari, hiyo ndio kazi. Mtu akishaamua anauza, hiyo gari kwake imeshakuwa ya mtu mwingine kichwani. Atanunua oili ya bei aweke kwa gari ya mtu mwingine? Ataosha, atapiga tairi rangi nyeusi, ataweka oili rahisi kabisa iko kwa duka, filta ataacha. Hata mimi nikikabidhi gari ya mteja namwambia bosi hii oili iko ndani ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Na kibandiko kwa mlango ni karatasi na kalamu. Kalamu yangu pia inaandika.

Dada wa Section 58, Nakuru

Sasa swali langu ni tofauti kidogo. Yangu haikuwa ya mtu hapa Kenya, imetoka Japani ikashuka Mombasa nikaichukua kwa yadi, haijatembea popote huku. Iko na kibandiko cha Kijapani ndani ya mlango wa dereva, nimeona tarakimu 5 halafu 11 halafu kilomita. Na ilikaguliwa kabla ya kupakiwa kwa meli, cheti niko nacho. Bado mnaniambia nimwage?

Broka wa magari, Kisumu

Dada hiyo 5 usidhani ni mwezi. Wajapani wanahesabu miaka ya mfalme wao, Reiwa ilianza 2019 kwa hivyo Reiwa 5 ni 2023, na hiyo 11 ndio mwezi, Novemba. Ukiona 30 mahali pa mwaka hiyo ni Heisei 30, yaani 2018, hapo ujue hicho kibandiko kimesahaulika siku nyingi. Sasa toa hiyo kilomita kwa ile iko kwa dashi leo uone gari ilitembea kiasi gani baada ya hiyo oili.

Fundi, Industrial Area Nakuru

Naongezea hapo kwa dada. Ukaguzi wa kupakia meli unaangalia breki, taa, tairi, kutu, kama gari iko salama kwa barabara na kama mileji imechezewa. Hakuna mtu anamwaga oili yako aangalie. Tangu hiyo Novemba gari imekaa kwa mnada, imekaa bandarini, imekaa kwa meli, imekaa Mombasa, imekaa kwa yadi inawashwa dakika mbili kila mteja akija halafu inazimwa, na hiyo kuwashwa na kuzimwa ndio mbaya kuliko kutembea. Oili inazeeka kwa kilomita na inazeeka kwa kalenda, chochote kitakachotangulia. Mwaga dada.

Sasa Mwalimu amesema ni biashara ya mafundi. Mwalimu wangu, sevisi ya oili ndio kazi yenye faida ndogo kuliko zote hapa kwangu, pesa iko kwa kufungua injini, kwa hivyo ningekuwa na roho mbaya ningewaambia wote msibadilishe.

Lakini na nyinyi mnaotaka kumwaga, mwage vizuri. Injini iwe na joto, si ya kukuchoma, oili ishuke na takataka zake. Nati ya sampu, ile beseni ya oili chini ya injini, kwa hizi Toyota ndogo ni spana 14, iko na kawasha kake, kale kapete ka kuzuia kuvuja, nunua kapya. Watu wanarudisha kale ka zamani halafu wanakaza kwa hasira mpaka nyuzi za sampu zinakufa, wiki ijayo gari inadondosha unaambiwa ati ni oili nyepesi imevujisha. Halafu kipimo. Injini ya 1NZ ambayo iko kwa hiyo Fielder ya binamu na Probox karibu zote za hii barabara ya Kericho, pamoja na filta inakula lita 3.7. Mkebe ni lita 4. Kuna mtu anamimina mkebe wote mpaka tone la mwisho kwa sababu mteja amelipia, na Vitz ya sisi elfu moja inataka lita tatu hivi na anaifanyia hivyo hivyo. Ikizidi sana krankishafti, ile shafti inazunguka chini ya injini, inaipiga inatoka povu na povu halilainishi chuma.

Ile filta ya kwanza kutoka kwa gari mpya kwako usiitupe. Mimi huwa naikata na msumeno, natoa ile karatasi ya ndani naikunjua juu ya gazeti kwa jua, napitisha sumaku. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida kwa gari ya umri. Vipande vinavyong'aa rangi ya shaba na sumaku haivuti, hiyo ni beringi imeanza kulika na bora ujue sasa. Hii ndio sababu mimi nataka mwage mapema, mnapata habari. Hiyo Fielder ya binamu nilifungua mimi, oili ilikuwa mpya kweli, jamaa hakudanganya hapo, lakini filta ilikuwa imeshikana na kutu mpaka nikatumia cheni kuifungua na ndani karatasi imekunjamana. Oili mpya inapita kwa filta mfu.

Na jambo la mwisho kabla sijaitwa, msinunue zile dawa za kuosha injini kwa gari hamjui historia yake. Kama kuna tope ndani litang'oka kwa mkupuo liende kuziba chujio ya pampu chini kwa sampu, taa nyekundu inawaka uko katikati ya Londiani. Weka oili ya kawaida ya kipimo cha kitabu, hiyo 1NZ 5W-30 ama 0W-20, endesha kilomita elfu moja au mbili mwaga tena. Polepole inasafika. Hiyo 20W-50 mnayopenda ati ni "nzito inalinda", hizi injini za VVT-i zinatumia presha ya oili kugeuza taimingi, ikiwa nzito asubuhi inachelewa kufika juu.

Dereva mstaafu wa matatu, Ahero

Gari ikikubali usiisumbue. Peugeot 504 zilikuwa zinaongezwa oili tu juu kwa juu na zilipanda Kericho na watu tisa na kuku.

Mwanzisha mada, Nakuru

Mzee shikamoo, tena umeongea kama mjomba. Lakini hata hizo 504 si zilikuwa zinaongezwa oili kwa sababu zilikuwa zinaikunywa?

Mwenye Mazda ya dizeli, Bungoma

Mbona yangu nikivuta dipstiki oili imepanda badala ya kushuka? Nimenunua mwezi uliopita, mwenye kuuza alisema ati ni dalili injini iko na afya.

Fundi, Industrial Area Nakuru

Ati afya. Hiyo ni dizeli imeingia kwa oili. Hizo Mazda za Skyactiv dizeli ziko na chujio ya masizi kwa ekzosi, ikijichoma kujisafisha dizeli zaidi inanyunyizwa na nyingine inateremka kwa sampu, na ukitembea safari fupi za mjini haimalizi kujichoma inaanza tena na tena. Angalia dipstiki vizuri, juu ya F kuna alama ya X. Oili ikifika kwa X usingoje kilomita yoyote, mwaga leo, na uweke ile ya dizeli yenye majivu machache, si yoyote ile. Wewe hata haumo kwa huu mjadala.

Mkulima, Njoro

Mwalimu aliuliza oili inaenda wapi. Mimi nachukua kwa mafundi napaka nguzo za ua, mchwa hawagusi. Mwenye nayo aniletee.

Mwalimu, Kakamega

Na nguzo imesimama kwa udongo, na udongo unaenda mto Njoro, na mto Njoro unaenda ziwa Nakuru. Bado sijajibiwa.

Fundi, Industrial Area Nakuru

Hapo Mwalimu uko na haki. Kwangu inaenda kwa pipa na kuna watu wanakuja kununua, wakishafika nayo huko siwezi kuapa.

Dada wa Section 58, Nakuru

Sawa mmenishinda, namwaga. Lakini kwa nini hiyo shilingi elfu tano ya oili na filta itoke kwangu na si kwa yadi?

Broka wa magari, Kisumu

Kwa sababu hukuitaja kabla ya kulipa. Anayenunua kesho akija na mkebe wake na filta yake mkononi, aseme tunamwaga hapa hapa mbele yangu kabla sijatuma pesa, mimi nitakubali, na ataiona ikishuka. Nikikataa ajue kuna kitu.

Mwalimu, Kakamega

Sasa hiyo naweza kukubali, maana ni oili ya broka inapotea na si yangu. Lakini mkebe uliobaki na ile lita 0.3 msimwage huko nyuma.