Mkristo akinywa dawa za wasiwasi, kakosa imani?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba tulijadili hili kwa upendo ila kwa ukweli, maana limenikaa moyoni toka Alhamisi.

Alhamisi jumuiya yetu ilisali kwa mama mmoja hapa Mbagala. Tulipofika kwenye mahitaji ya maombi dada mmoja akasema huu mwezi wa pili hajalala vizuri, alichukua mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, laki 5 aongezee mtaji wa genge, marejesho 20,000 kila siku, sasa imefika mahali alfajiri simu ikiita tu mikono inatetemeka hata kama anayepiga ni mdogo wake. Kaenda hospitali, wamempa dawa na tarehe ya kurudi kliniki. Akaitoa ile bahasha ndogo ya dawa kutuonyesha. Aliyekuwa anaongoza akamwambia dada, wasiwasi ni dhambi, Wafilipi 4:6 inasema msijisumbue kwa neno lolote, ukimeza hivyo vidonge unamwambia Mungu hatoshi. Watu wakaitikia amina. Yule dada akaikunja bahasha mara mbili, akairudisha kwenye pochi, hakusema neno tena mpaka tunafunga.

Mi nasema tulimkosea yule dada, na mimi nikiwemo maana nilikaa kimya.

Hebu tuisome hiyo Wafilipi yote jamani, tusichomoe mstari mmoja. Paulo anaiandika akiwa kifungoni. Sura ya 2 anasema Epafrodito aliugua karibu ya kufa, akaona bora amrudishe kwao ili na yeye Paulo apunguziwe huzuni yake. Kwa hiyo huyuhuyu anayesema msijisumbue alikuwa na huzuni na anakiri mbele ya kanisa zima. Tena 2:20 anamsifia Timotheo kwamba hana mwingine atakayeiangalia hali yao kweli kweli, na kwa Kigiriki hilo neno la kuangalia ni lilelile la kujisumbua la 4:6. Mahali pamoja anasifia, mahali pengine anasema acheni. Sasa kama neno lenyewe tu lingekuwa dhambi, Timotheo angesifiwa kwa lipi? Na mstari wenyewe hauishii kwenye msijisumbue, unaendelea, haja zenu na zijulikane na Mungu. Yaani sema. Toa. Yule dada alikuwa anafanya hichohicho na sisi ndo tuliomfunga mdomo.

Halafu kuna Eliya, 1 Wafalme 19. Katoka kushusha moto Karmeli, Yezebeli kamtumia ujumbe mmoja tu wa vitisho, mtumishi wa Mungu kakimbilia jangwani kakaa chini ya mretemu anaomba afe. Malaika alipokuja hakumhubiria, alimgusa akamwambia inuka ule, kuna mkate juu ya makaa na maji, akala akalala tena, malaika akarudi mara ya pili akasema safari hii ni kubwa mno kwako. Hiyo sentensi huwa inanitoa machozi. Mungu mwenyewe anakubali kwamba safari ni kubwa, sisi nani tumwambie mtu haitakiwi kumlemea?

Naongea haya kwa sababu yamenipata. Miaka 3 nyuma nilishuka kwenye daladala pale Mtoni Mtongani kabla ya kituo changu, moyo unadunda hadi masikioni, vidole vinakufa ganzi, nikajua ndo nakufa. Nilikaa kwenye benchi la muuza miwa, yule kaka hata hanijui akanipa maji akasimama pembeni yangu mpaka ikapita. Hospitali wakapima moyo, mzima kabisa. Daktari akaniuliza swali moja tu, mama unalala saa ngapi? Nikaanza kulia palepale. Nilitumia dawa miezi kadhaa na nilikuwa nasali kuliko wakati wowote, kidonge hakikuniondolea Zaburi, kiliniwezesha kukaa nayo nikaimaliza.

Kuna ndugu tuliyekuwa naye Alhamisi kwenye jumuiya kanijibu kwamba nikitetea dawa watu watakimbilia vidonge na kuacha kupiga magoti. Hofu yake naielewa, na simtetei mtu anayejinunulia vidonge vya usingizi dukani bila kuandikiwa, hilo ni hatari na wapo wanaoshindwa kuacha. Ila mbona mzee wetu wa kanisa anameza dawa za presha kila asubuhi na hakuna aliyemwambia Mungu hatoshi? Luka alikuwa tabibu na Paulo anamwita mpendwa. Au ni kwa sababu ukitaja kliniki ya akili watu wanawaza Mirembe tu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma? Na kumwambia mtu atupe dawa alizopewa, mngejua baadhi yake zikiachwa ghafla mwili unavyopelekeshwa, msingeitikia amina haraka hivyo.

Yesu mwenyewe Gethsemane alisema roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami. Aliomba kwa Baba na aliomba watu wakae naye, na walilala.

Kwa hiyo jana nimemfuata yule dada gengeni. Bahasha bado ipo, hajameza toka Alhamisi. Tumekubaliana Jumanne namsindikiza kliniki amweleze daktari kwamba aliacha, na nimeongea na wamama 4 wa kikoba tuone namna ya kumsaidia amalize lile deni, maana kusali bila kugusa ile 20,000 ya kila siku mi naona hatujamtwalia mzigo wowote.

Wachungaji na wazee wa kanisa mliomo humu, naomba mnijibu kwa maandiko, nimekosea wapi? Na wewe uliyewahi kuambiwa utupe dawa, ilikuwaje baada ya hapo?