Nimeuliza habari ya mtaro, mgombea ananijibu "kikojozi"?

Wakuu, bado natetemeka hapa. Yule mheshimiwa wetu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo jioni kwenye mdahalo wa wagombea udiwani nimesimama kwa adabu, nikauliza: ule mtaro uliochimbwa ukaachwa wazi utafunikwa lini? Kashika maiki kama anataka kuimeza, kanikazia macho: "Kaa chini, kikojozi wewe! Gololi zako zote nilikuwa nakula mimi."

Kikojozi! Mbele ya wakwe zangu! Uwanja ulilipuka kwa kicheko, hata mbuzi waliacha kula.

Mtu ana mvi mpaka puani bado anahesabu gololi! Na huyo mwendesha mdahalo ndiye kanimaliza. Mnakumbuka utotoni, kaka mkubwa anarundika mafungu mawili ya mchanga: hili titi la mama yako, hili la mama yake, haya nani anaanza kubomoa? Ndiye yeye. Badala ya kumrudisha kwenye mtaro, kanigeukia eti "na wewe unasemaje?" Niseme nini? Nimeuliza MTARO, nikajibiwa KIKOJOZI!

#2: Pole mkuu. Ila hujakanusha.

#3: Hajakanusha kweli 😂😂 Na gololi je, zililiwa?

#4: Mtoto wa dada yangu katumbukia mtaro huohuo.

#5: Hata wakubwa wako hivyo. Tarehe 27 Juni 2024 kule Atlanta, Trump ana miaka 78, Biden 81, wakabishana nani anajua gofu. Trump akasema tusifanye utoto, Biden akamwambia mtoto ni wewe. Na maiki zilikuwa zinazimwa!

#6: Nyinyi mna bahati, wenu wanakuja. Sisi Kenya 2017 Uhuru hakutokea, Raila akajibu peke yake. 2022 Raila naye akasusia, akabaki Ruto.

#7: Ule wa 2017 Raila alishinda.

#8: Alimshinda nani, na hakukuwa na mtu?

#1: Jamani, mtaro?

#9: Mnahangaika na Kenya, mmesahau Bunge Maalum la Katiba 2014? Posho laki tatu kwa siku, na matusi juu.

#10: Na wengine walitaka iongezwe!

#8: Sijajibiwa. Alimshinda nani?