Yungiyungi la buluu limejaa majani lakini halichanui

Muulizaji (Tanga)
Ndugu wanabustani, nimepanda uani, ndani ya beseni pana la saruji, yungiyungi la buluu, lile linaloota lenyewe katika mabwawa ya huku mwambao. Nimetumia udongo uliochanganywa na samadi, na beseni nimeliweka chini ya mwembe ili maji yasipate joto kali. Majani yametanda vizuri, ila kila jioni nirudipo kazini sioni ua, na maji yamekuwa ya kijani yenye harufu. Je, kasoro ni ya mbegu au ya mahali?

Mwanabustani wa Unguja
Kasoro ni kivuli, kisha samadi. Mmea huu ni wa maji yaliyo wazi, nao hauchanui ipasavyo usipopata jua kamili kwa muda wa saa 5 hadi 6 kila siku. Joto hilo unalolikwepa ndilo unalolitaka. Samadi nayo huozea majini, ikatoa harufu na kuulisha mwani, ndiyo maana maji yamegeuka rangi. Uondoe udongo huo wote, uweke udongo mzito wa mfinyanzi usio na mbolea, upande tunguu (lile shina nene la chini ya udongo) huku kichomozi chake, yaani ncha inayotoa majani, kikibaki juu ya udongo, kisha utandaze changarawe ili tope lisitibuke. Maji yaanze na kina cha sentimita 15 juu ya tunguu, uyaongeze kidogo kidogo kadiri vikonyo vinavyorefuka, hadi kufikia 40 hivi.

Mpenda mimea
Nakubaliana na hayo, isipokuwa suala la mbolea: mmea ukishashika, hunufaika na mbolea kidogo iliyofungwa ndani ya donge la mfinyanzi na kushindiliwa karibu na mizizi. Isitoshe, yungiyungi la buluu hufunguka asubuhi na kufumba alasiri, tofauti na lile jeupe linalochanua usiku, kwa hiyo jioni si wakati wa kulitazamia. Chunguza chini ya maji kama kuna vikonyo vilivyojikunja vyenye tunda, kwa sababu ua likishachavushwa huzama, na tunda hukomaa humo humo.

Muulizaji
Nashukuru sana. Na mbu je?

Mwanabustani wa Unguja
Weka samaki wadogo wanaokula viluwiluwi. Perege usiwaweke, kwani wakikua hufukua udongo na kung'oa mizizi.